Moyo Usiokosea Hata Pigo Moja

Kama unayasoma haya ukiwa umesimama, tafuta kiti kwanza. Nasema kwa upendo na kwa uzoefu. Ukishakaa nitakueleza habari yangu, maana nina hamu ya kuieleza tangu mavuno yaliyopita, na kila nikianza naona mpangilio umeharibika, nachana karatasi, naanza upya. Safari hii sichani. Utaona mbele kwa nini neno hilo, kuchana karatasi, linanitia aibu.

Jina langu ni Yona. Ni fundi saa hapa Kilosa, na meza yangu iko kwenye baraza ya duka moja karibu na stesheni. Sikufundishwa na mtu. Nilianza kwa kuifungua saa ya mezani aliyoacha marehemu baba. Nilipoifunga nikabaki na skrubu mbili mkononi, nikaifungua tena, na tena, mara kumi na saba, mpaka skrubu zote zikarudi ndani. Ndivyo nilivyo. Saa ikichelewa sekunde sita kwa siku, mwenyewe ataivaa na kwenda zake kwa furaha. Mimi sitatulia, nitamfuata mpaka sokoni kumwomba anirudishie niiguse kidogo.

Ugonjwa wa sukari ulinipata nikiwa darasa la sita. Nilipofika umri wa miaka ishirini na sita, nilikuwa nimeshajidunga sindano kwa miaka kumi na mitatu. Chupa ya insulini hukaa kwenye mtungi wa maji pembeni mwa kitanda cha mama, mahali penye baridi kuliko pote nyumbani. Kujipima kulikuwa ni kwa mkojo: matone manane ndani ya kichupa cha dawa ya buluu, unachemsha juu ya jiko, unatazama. Ikibaki buluu, umeshinda. Ikigeuka kijani, kisha njano, kisha rangi ya tofali lililochomwa, sukari imekushinda wewe. Kila matokeo niliyaandika kwenye daftari kubwa lenye jalada gumu, kwa mistari niliyopiga kwa rula.

Sasa nikiri, maana bila hili mengine hayatakusaidia. Daftari lile lilikuwa la uongo. Siku za kawaida chupa yangu ilikuwa ya tofali. Siku tatu kabla ya kliniki nilikuwa nafunga, nakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka machungani, nakula mchicha mtupu, na asubuhi ya kliniki chupa inakuwa buluu kama sare za shule. Kurasa zenye tofali nilizichana. Wauguzi walinisifu mbele ya wagonjwa wengine, na mama akanitolea ushuhuda kanisani. Nilikuwa napenda daftari safi kuliko nilivyozipenda figo zangu.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, bidhaa za kila namna zikiingia. Saa za betri kutoka Dubai ziliuzwa kwenye ungo mmoja na karanga. Hazitiwi ufunguo, hazichelewi, zikifa zinatupwa. Wateja wangu wakapungua, nami nikazichukia zile saa huku nikizionea wivu, kwa sababu hazikukosea. Siku moja, nikiwa nimekaa bila kazi, nikashika kifundo cha mkono wangu na kuhesabu mapigo kwa mshale wa sekunde. Mia moja na manne. Nikasimama, nikahesabu tena: mia moja na manne. Nikalala kwenye benchi la mwenye duka: mia moja na manne. Kesho yake vilevile, na wiki iliyofuata vilevile.

Niliruka kwa furaha. Sikutanii. Nilianzisha ukurasa mpya wa daftari, nikauita "Moyo", nikajaza hesabu ileile miezi mitano. Kila mmoja huwa na chake cha kujivunia, na mimi nilikuwa na moyo usiokosea hata pigo moja.

Mwili ulikuwa unanieleza mengine. Mkojo ulitoa povu kama la sabuni ya kufulia. Jioni viatu havikuvuka kisigino. Nikila, hata uji wa baridi, jasho lilinitoka usoni na shingoni huku miguu ikiwa mikavu kama ngozi ya ngoma. Nilijiambia ni joto la Kilosa. Sote husingizia joto la Kilosa.

Masika ilipokwisha na barabara kukauka, tulikwenda Mikumi kunitambulisha kwa kina Neema. Neema alikuwa amekuja Kilosa kusomea ushonaji, akaniletea saa ya mama yake, nikaitengeneza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Wazazi wake walihamia Mikumi kutoka kanda ya ziwa pamoja na ng'ombe wao. Baba yake, Mzee Masanja, anafuga na kulima, na mama yake anapika chakula kwenye kibanda kando ya barabara kuu. Mshenga wangu alikuwa Baba mdogo Elia, mdogo wake marehemu baba, mtu ambaye hajawahi kukaa kimya isipokuwa wakati wa kutafuna.

"Sikiliza, Yona," aliniambia tulipokuwa juu ya lori, vumbi limetugeuza wazee wote wawili. "Kwao mkwe anachuchumaa. Anasalimu, anabaki palepale chini mpaka mzee amalize kuuliza habari. Usiinuke kabla. Na usimweleze habari za sekunde."

"Akiniuliza kazi yangu?"

"Sema ni fundi. Basi. Ukianza na sekunde tutalala huku."

Mzee Masanja alikuwa ameketi kwenye kigoda uani. Nilichuchumaa. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Habari za Kilosa?"

"Nzuri, baba."

"Mama hajambo? Mvua je? Mahindi? Mto haukuleta mafuriko safari hii? Ng'ombe wenu?"

"Hatuna ng'ombe, baba."

Alinitazama kwa huruma. "Mbuzi?"

"Tuna wawili."

"Hawajambo?"

"Hawajambo, baba."

"Haya, inuka ukae."

Nikainuka haraka, kwa adabu. Naikumbuka rangi ya kanga ya mama yake Neema, kisha kanga ikawa kijivu, uani pakawa kijivu, na sauti zikaenda mbali kama zinatoka ndani ya mtungi. Nilipofumbua macho nilikuwa chali, Neema amenishika kichwa, na mama yake alikuwa anasema, "Ni kifafa. Masanja, mtoto wa watu ana kifafa."

"Si kifafa, mama," nilisema. "Nina sukari, lakini ninaiweza. Kuna daftari."

Mzee Masanja alisubiri mpaka nikakaa na kunywa maji. Kisha akaongea taratibu, bila ukali, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Kijana, sikufukuzi. Lakini binti yangu simtoi awe mjane kabla hajalea. Nenda ukatafute kilichokuangusha. Mavuno yajayo urudi uniambie, na uniambie kweli. Nikisikia kweli, tutazungumza, hata ikiwa mbaya."

Hayo ndiyo niliyopewa kubeba kurudi nayo: mwaka mmoja, na kweli. Mwaka sikuuogopa.

Wiki mbili baadaye nilikuwa kwenye hospitali ya misheni huko milimani. Nilikwenda na mama. Nikupe siri ya mabenchi ya kusubiria: kaa upande wa dirisha, chukua kitu cha kufanya kwa mikono, na usimsikilize yule anayejua habari za kila aliyekufa. Daima yupo. Wa kwetu alikuwa na soksi moja. Mimi sikuwa na kitu cha kufanya kwa mikono, na muuguzi mmoja alikuwa anapita na saa imening'inia kifuani, na niliisikia. Nakuapia, niliisikia inavyochechemea.

"Sista, samahani. Saa yako inachelewa."

"Wewe ndiye unachelewa. Zamu yako imefika."

Alinishika mkono, akatazama saa yake, akaandika mia moja na kumi. Nikashindwa kuvumilia. "Ni mia moja na manne, Sista. Saa yako inakudanganya. Mapigo yangu hayabadiliki, nimeyaandika miezi mitano. Nikilala, nikisimama, asubuhi, jioni, mia moja na manne."

Dokta, mama mmoja wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa anaandika kwenye meza ya pili. Kalamu yake ilisimama.

"Sema tena," alisema.

Nilisema tena, kwa majivuno, na nikamfungulia ukurasa. Aliusoma wote. Akanilaza, akanipima presha. Akanisimamisha, akanipima tena, akamwita Sista aje anishike kwa nyuma. Presha ilikuwa imeporomoka. Mapigo, mia moja na manne. Akaniambia nivute pumzi ndefu na kuitoa polepole, mara sita, huku ameshika kifundo changu. Mia moja na manne.

"Yona, wewe ni fundi wa nini?"

"Saa, Dokta."

"Basi ndiyo maana. Moyo si saa. Moyo mzima hukosea kila wakati. Ukisimama unakimbia, ukikaa unapumzika, ukivuta pumzi unaharakisha, ukiitoa unatulia. Zipo nyaya nyembamba mwilini zinazoupa habari. Zako zimeliwa na sukari. Moyo wako haujui kama umelala au umesimama, ndiyo maana ukiinuka ghafla unaanguka."

Kisha akachukua mkojo wangu, akauchemsha kwenye bomba la kioo, akadondosha tone la asidi. Nilitarajia rangi. Haikuja rangi. Ilikuja ukungu mweupe, mzito, kama ute wa yai kwenye maji ya moto. "Na hizi ni figo," alisema. "Zinavuja. Hazijafa, lakini zinavuja. Zikifa, sina mashine ya kukupa, na simjui wa kukupeleka kwake huku kwetu. Kwa hiyo hatuziachi zife. Sasa nieleze, daftari hili lote ni buluu. Buluu haileti hiki."

Nilikaa. Ningeweza kudanganya, uongo wenyewe ulikuwa tayari, umenyooka kwa rula. Lakini ute wa yai ulikuwa pale kwenye kioo, na hakuna mfungo wa siku tatu unaouondoa.

"Nilikuwa nachana za tofali," nilisema.

Mama alikuwa ameketi nyuma yangu. Alisema tulipokuwa nje, huku akikunja kitenge chake vizuri sana, zaidi ya ilivyohitajika. "Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa namshukuru Mungu kwa uongo wako."

Ukitaka kujua palipouma kuliko sindano zote, ni pale.

Lakini, ndugu yangu msomaji, hapa ndipo habari inapoanza kupanda, na mimi nikifika hapa mkono wangu unaandika haraka mpaka wino unamwagika. Kwa sababu sasa nilikuwa na kazi. Sijui kuwa mgonjwa, sijawahi kujua, lakini kufungua kitu kilichoharibika na kukirudisha skrubu moja moja, hilo nalijua.

Nilinunua daftari jipya na penseli za rangi. Sikuandika maneno, nilipaka rangi: kila kipimo kisanduku kimoja, kwa rangi yake halisi. Wiki ya kwanza ukurasa ulifanana na ukuta wa nyumba ya tofali. Mara mbili nilishika ukingo wa karatasi. Mara ya pili mama alipita, akaona, akasema tu, "Acha hivyo hivyo." Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha vizuri tangu milimani.

Sindano ikagawanywa, asubuhi na jioni badala ya moja. Dawa ya kulinda figo ilinipa shida, kwa sababu ilishusha presha iliyokuwa tayari inaporomoka, ikabidi Dokta aanze na robo ya kidonge, nikiinywa nikiwa nimeshapanda kitandani. Robo hiyo niliikata kwa wembe chini ya kioo changu cha kukuzia, na nakuhakikishia hakuna mgonjwa Tanzania nzima aliyekunywa robo sawa kama mimi. Miguu ya kitanda upande wa kichwa tuliiweka juu ya tofali, ili nilale mwili umeinama na presha isiporomoke asubuhi nikiinuka.

"Kitanda hiki kimepanda mlima," Baba mdogo alisema alipokiona. "Ukikoroma utateremka mpaka sebuleni."

Mama aliacha kutia chumvi kwenye chungu. Chungu chote, cha wote. Baba mdogo, anayekula kwetu kila siku bila kualikwa, aliweka kijiko chini siku ya kwanza.

"Shemeji, nani anaumwa figo hapa? Ni Yona au ni mchicha?"

"Asiyetaka akale kwake."

"Kwangu hakuna mpishi."

"Basi kula figo zipone."

Akala. Alikula mwaka mzima, na kila mlo alilalamika, na hakuwahi kuleta chumvi mfukoni ingawa nilimtegea. Huruma ndogo kama hizo zihesabu, zitakubeba. Ya pili ilikuwa ya yule Sista. Nilimtengenezea saa yake siku ya kliniki ya pili, pale pale kwenye benchi, mwenye soksi moja akinishikia kifuniko. Tangu hapo aliponipima aliita namba kwa sauti ili nami nihakiki. Ya tatu ilikuwa barua za Neema, zilizokuja na madereva wa malori. Hakuniuliza kama nitapona. Aliuliza, "Wiki hii ni rangi gani?" nami nilimjibu kwa rangi.

Vuli ikaja, tofali zikapungua, njano ikaonekana. Kliniki ya tatu, ukungu kwenye bomba ulikuwa mwembamba, ungeweza kuona kidole nyuma yake. Siku moja kabla ya Krismasi sukari ilishuka kupita kiasi nikiwa mezani, nikaanza kutia skrubu za saa moja kwenye nyingine, na sikuhisi dalili yoyote, maana nyaya zile zile ndizo zingenionya. Mwenye duka alinitia sukari mdomoni. Ilibidi nimfundishe yeye na mama kunitazama macho. Kuomba kutazamwa ni jambo gumu kwa mtu kama mimi. Nililifanya. Masika, viatu vikavuka kisigino. Povu likaisha. Na wakati mahindi yanaanza kukauka shambani, Dokta alichemsha, akadondosha tone, akasogea dirishani na bomba, akaniita.

"Unaona nini?"

"Sioni kitu, Dokta."

"Mimi pia sioni kitu," alisema, akavua miwani. "Hujapona, usinielewe vibaya. Kazi hii haina siku ya mwisho. Lakini hazivuji, kwa ninavyoweza kuona. Umezishika."

Niliomba kuliona lile bomba tena. Alinipa. Nililishika mpaka Sista akaja kulidai.

Mavuno yalipofika tulipanda lori kwenda Mikumi. Baba mdogo aliniuliza nimepanga kusema nini. Nilimwonyesha daftari. Alifungua ukurasa wa kwanza, ule ukuta wa tofali, akalifunga upesi. "Huu uuache nyumbani. Anzia kwenye buluu."

"Alisema anataka kweli."

"Kila baba mkwe husema hivyo, Yona."

Mzee Masanja alikuwa kwenye kigoda kilekile. Nilipoanza kuchuchumaa alinyoosha mkono kunizuia, nikasita, magoti yamekunjwa nusu, sijui niende chini au juu.

"Kaa kwenye kiti," alisema. "Kisha usalimie."

Mama yake Neema aligeuka kumtazama mumewe. Nilikaa. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbuzi hawajambo?"

"Hawajambo. Sasa ni watatu."

Nilimpa daftari. Macho yake hayasomi maandishi madogo, lakini rangi alizisoma, ukurasa kwa ukurasa, taratibu. Nilimweleza kila rangi ni nini, figo zinavuja maana yake nini, na kwamba moyo wangu umeharibika nyaya na huenda zisirudi zote. Nilimwambia nilikuwa mwongo na nilichana karatasi. Baba mdogo alikuwa anatazama angani.

Kidole cha mzee kilisimama kwenye kisanduku kimoja cha tofali katikati ya buluu. "Na hapa?"

"Harusi ya jirani, baba. Nilikula wali na soda."

"Soda ngapi?"

"Mbili."

Aliangua kicheko. "Mtu akikuletea ng'ombe na kukuambia hana kasoro, rudi nyumbani na fedha zako. Akikuambia mguu huu alivunjika, na hapa ana kovu, huyo mnunue." Alilifunga daftari, akampa Baba mdogo kana kwamba ni lake. "Mshenga, tuzungumze. Wewe, kijana, inuka ukamwone Neema, yuko jikoni anajifanya hasikii. Polepole."

Nikainuka kama nilivyofundishwa. Kwanza nikasogea ukingoni mwa kiti. Nikachezesha vidole vya miguu, nikakaza mapaja. Nilikuwa nimeshahesabu mapigo yangu nikiwa nimekaa, kwa siri, kidole chini ya mkono wa shati: tisini na moja. Kisha nikasimama, nimeshika mgongo wa kiti. Uani pakabaki na rangi zake zote, kanga ya mama yake Neema ikabaki nyekundu, kuku wakabaki kuku. Nikahesabu tena, nikitazama mshale wa sekunde, dakika nzima, watu wote wakinisubiri.

"Vipi?" aliuliza Mzee Masanja. "Kunani?"

"Tisini na saba, baba."

"Ni nzuri hiyo?"

Ni mapigo sita. Moyo wangu ulikuwa umejua kwamba nimesimama. Maisha yangu yote nimewafuata watu mpaka sokoni ili niwaondolee sekunde sita kwenye saa zao. Hizi sita zangu nimeziacha kama zilivyo.